TAHADHARI: Anayeuza redio za mawasiliano Dodoma, akikwambia "sikiliza tu" usilipe

Ndugu zangu, hasa wastaafu wenzangu mnaotaka kurudi kwenye redio za ridhaa (zile za kusikiliza na kurusha mawasiliano hewani kwa kujifurahisha, si biashara), kuna mtu anazunguka hapa Dodoma na redio mbovu. Mimi kanila shilingi 1,400,000 za kiinua mgongo, na nasikia sasa anatafuta wateja Kondoa na Manyoni.

Hana duka. Anasema redio zilibaki kwenye mradi uliofungwa, yeye alikuwa fundi wao. Aliniita chumba cha kupanga karibu na Sabasaba, tena jioni, na sasa naelewa kwa nini: jua likizama ndipo masafa ya megahezi 7 tunayotumia yanapoanza kuchangamka. Akawasha, akazungusha kitasa, Morse, ile milio mifupi na mirefu ya kutumia herufi, ikaingia safi kabisa. Miaka zaidi ya 20 sikuwa nimeisikia sauti ile. Nikaomba kujaribu kurusha, akanizuia: "Mzee wangu, leseni yako imeisha, TCRA wakitunasa tumeumia wote." Nikamwona mtu anayeheshimu sheria. Nikalipa.

Nyumbani Miyuji nilitandika waya, mita 10 kila upande, toka kwenye mwarobaini hadi ukingo wa paa. Mapokezi mazuri. Leseni bado naishughulikia, kwa hiyo sikurusha hewani. Nilichomeka mita ya wati na kile kifaa cha omu 50 kinachomeza nguvu badala ya antena. Nikabonyeza maikrofoni. Mshale umelala. Nikabonyeza tena, umelala vilevile. Nilipofungua mfuniko nikakuta vichwa vya skrubu vimelika, na pale penye transista mbili za mwisho za kurushia, moja imepasuka, nyingine haipo, imebaki miguu tu kwenye risasi ya kulehemu. Nyuma, namba ya redio imekwanguliwa kwa kisu.

Kilichopaswa kunishtua ni adapta yake. Ilikuwa ya ampea 3. Redio ya wati 100 ikisikiliza inakula ampea 1 au 2 hivi, lakini ikirusha inataka kama 20, kwenye volti 13.8. Kwa adapta ile hata redio nzima isingerusha kwa nguvu zake zote. Alijua hakuna kurusha siku ile. Na hoja ya leseni isiwafunge mdomo: ukitumia kile kifaa cha omu 50, nguvu inaishia humo kama joto. Muuzaji akikataa kipimo hicho, ondoka na hela yako.

Kuna na la leseni. Kwa 200,000 aliahidi kuniletea ya kwake, yenye alama ya wito (jina la kujitambulisha hewani) inayoanza na 5H ya Tanzania, "bila foleni". Hapo nilikataa. Leseni inatoka TCRA kwa jina lako mwenyewe, na malipo ya serikali yana kumbukumbu namba yake, hayatumwi kwenye laini ya simu ya mtu.

Nilipompigia tena hakupatikana. Namba yake nimeituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli, na polisi nimechukua RB. Kama na wewe umemlipa, hata arbuni, usifute meseji za muamala, nenda nazo kituoni. Na mwenye redio anayoifikiria kununua, aje nayo Miyuji pamoja na muuzaji kabla hela haijatoka. Mita ninayo, na kupima sitozi kitu.