Lenzi ya Canon 24mm na makanisa ya Mtwara: uzoefu wangu

Lenzi yenyewe ni Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, ile fupi iliyotoka mwaka 2014. Unene wake ni milimita 22.8, uzito gramu 125. Naifunga kwenye kamera yangu ya Canon EOS 200D na kazi yake kwangu ni moja: kupiga picha za makanisa ya mjini nikiwa kwenye mizunguko ya kila siku, sokoni, benki, stendi, bila kutenga siku ya picha.

Wengi walionunua 200D walipewa lenzi ya kuzumu ya 18-55mm. Ni lenzi nzuri, lakini ukiifunga, kamera inafikia kina cha sentimita 13. Ukifunga hii ya 24mm, inabaki kama 9. Sentimita hizo nne ndizo zinazoamua kama kamera itaingia kwenye mkoba wa kawaida pamoja na kitenge na mahitaji ya sokoni, au itabaki kabatini. Kanisa unalipita mara tano kwa wiki, na mwanga mzuri unalishukia siku moja tu kati ya hizo. Siku hiyo kamera iwe nawe.

Lenzi hii ya 24mm haizumu, yaani haivuti picha karibu wala mbali, kwa hiyo utazumu kwa miguu, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye 200D, upande mrefu wa picha unachukua mita 0.93 kwa kila mita 1 ya umbali, upande mfupi mita 0.62. Ukiishika kamera wima, upande mrefu ukielekea juu, bila kuiinamisha, nusu ya picha iko juu ya usawa wa macho yako na nusu iko chini. Mnara wa mita 12 utakudai urudi nyuma mita 22 na ushei, yaani hatua kama 30. Kwa 18-55 ikiwa kwenye 18mm ungehitaji mita 17. Barabara za mjini mara nyingi hazikupi hizo 30: kuna ukuta wa jirani, kibanda cha chipsi, bajaji zilizopangwa foleni. Ukilazimisha kwa kuinua pua ya kamera, kuta zinainamiana kuelekea juu na kanisa linaonekana linaanguka kinyumenyume.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, vuka barabara, tafuta baraza au ngazi, piga kutoka juu kidogo. Hata mita moja ya kimo inapunguza hitaji la kuinua kamera. Ya pili, inua pua kidogo tu, acha nafasi ya kutosha kulia na kushoto mwa jengo, kisha nyoosha kwenye simu kwa Snapseed, kile kifaa cha kunyoosha mtazamo. Ile nafasi ni ya lazima kwa sababu programu inakata pembe za picha wakati wa kunyoosha. Usipoiacha, msalaba au kona ya paa ndivyo vitakavyokatwa. Washa pia mistari ya gridi kwenye skrini na ulinganishe mstari mmoja na kona ya ukuta kabla ya kubofya.

Sasa mwanga wa jua, maana Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta na jambo hili lina uzito kuliko lenzi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua linapita upande wa kaskazini kutwa nzima. Kanisa ambalo uso wake unatazama kusini halipati mwanga wa moja kwa moja miezi yote hiyo, hata ukiamka na jogoo. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari mambo yanageuka: jua liko kusini, na uso wa kaskazini ndio unaokaa kivulini. Kwa hiyo fahamu kwanza kila kanisa la njiani kwako linatazama wapi (dira ya simu inatosha), kisha ligawie msimu wake. Uso wa mashariki piga saa 1 hadi saa 2 na nusu asubuhi, wa magharibi saa 10 hadi saa 11 na nusu jioni. Mchana wa Novemba sishauri. Jua liko karibu na utosi, vivuli vya upenu vinameza milango na madirisha, na bati linang'aa hadi linatoboa picha.

Kuta zilizopakwa chokaa zinadanganya kipima mwanga. Kamera inaona weupe mwingi, inafunga mwanga, ukuta unatoka kijivu. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya nafasi (stop) hadi nafasi moja kamili, tazama picha, kama maeneo meupe yamepoteza alama zote punguza kidogo. Tundu la lenzi liweke f/5.6 au f/8. Kwenye f/2.8, tundu likiwa wazi kabisa, pembe zinafifia na kuwa nyeusi kidogo, na mbele ya anga tupu hilo linaonekana wazi.

Kipimo halisi cha lenzi hii lakini kiko ndani ya kanisa, na Mtwara tuna mahali pake: Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Ukuta wa mbele na kuta za pembeni zimejaa picha za Biblia zenye rangi nzito, kazi ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, iliyomchukua takriban miaka miwili. Alichora pia makanisa mengine ya kusini, yakiwemo ya Nyangao na Lindi. Kuna watu wa Mtwara wanaopita Majengo kila siku na hawajawahi kuingia kuziona. Waingie, wawe na kamera au wasiwe nayo.

Kwanza ruhusa. Nenda ofisi ya parokia au mtafute katekista, toa salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo", eleza unapiga nini na picha zinakwenda wapi. Usipige wakati wa Misa, usipande altareni, na mtu anayesali aachwe asali. 200D ina hali ya shata ya kimya. Si kimya kabisa, ila haimgutui mtu aliye benchi la tatu.

Flashi zima. Flashi ya kamera inaacha doa jeupe katikati ya mchoro na kuacha pembeni giza, na rangi zinapauka. Mchana bila taa, anza na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 1600, f/2.8, shata 1/60 ya sekunde. Hiyo ni kwa kushika mkononi, kwa sababu lenzi haina kizuia mtikisiko. Hapa 18-55 yenye IS, yaani kizuia mtikisiko, inaishinda, nakiri: kwa ukuta usiotembea, unaweza kushuka hadi 1/10 mkononi na picha ikatoka safi. Kwa 24mm natumia mgongo wa benchi. Kunja kikoi mara nne, kiweke juu ya benchi, laza kamera juu yake, weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Namna hiyo ISO 400, f/4 na shata 1/8 zinatosha, na rangi zinatoka tulivu bila chembechembe.

Kwa umbali wa mita 10, picha ya kulala inabeba ukuta wa mita 9.3 kwa 6.2. Inafaa kwa mchoro mzima, lakini kila nukta ya picha inabeba milimita moja na nusu ya ukuta, kwa hiyo macho na vidole vya waliochorwa havitakuwa na ukali. Sogea hadi mita 4, piga vipande vya mita 3.7 kwa 2.5, kila kipande kiingiliane na kingine kwa theluthi, uviunganishe baadaye kwenye kompyuta. Simama sambamba na ukuta. Ukisimama mshazari, upande mmoja utakuwa mkubwa kuliko mwingine na vipande havitaungana.

Rangi nazo zina mtego wake. Mwanga wa matundu ya ukutani ukichanganyika na taa, nusu ya mchoro inakuwa ya buluu na nusu ya njano. Omba taa zizimwe, kisha shika karatasi nyeupe ya A4 karibu na ukuta, ipige ijaze picha, itumie kuweka mizani ya rangi nyeupe. Ni kazi ya dakika moja, na bila hiyo utahangaika jioni nzima kuitafuta rangi uliyoiona kwa macho.

Fokasi ya mkono ya lenzi hii, yaani kulenga ukali kwa kuzungusha pete, inaendeshwa na mota; pete haijaunganishwa moja kwa moja na vioo. Kamera ikilala au ikiwa imezimwa, pete inazunguka bure. Bofya shata nusu kuiamsha kwanza.

Hali ya hewa yetu ni adui wa lenzi yoyote. Ukitoka benki yenye kiyoyozi, usitoe kamera mara moja: kioo kitajaa mvuke. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 15 hadi 20. Kuanzia Desemba hadi Aprili, unyevu wa mvua unazalisha fangasi ndani ya vioo. Nyumbani iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika ya kubadilika rangi (chembe zinazonyonya unyevu); ikibadilika, ikaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo. Mchele usitumie, una unga unaoingia kwenye pete. Na upepo wa Shangani, ufukweni, una chumvi, kwa hiyo futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila ukirudi.

Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi ukitazama kwa mbele. Nyuzi nyuzi kama za utando wa buibui ni fangasi, iache. Washa kamera, fokasi kitu kilicho umbali wa sentimita 16, kisha cha mbali, mara kumi, usikilize kama mota inakwaruza. Na hakikisha kamera yako inapokea EF-S (lenzi za Canon za kamera zenye kihisi kidogo), kwa sababu kwenye Canon 6D au 5D haifungi kabisa.