Balbu ya LED au taa za ziada kwa pikipiki ya safari ndefu?

Balbu ya halojeni ya H4, aina yenye dimu na fuli ndani ya balbu moja, hula wati 55 kwenye dimu (mwanga wa chini) na 60 kwenye fuli (mwanga wa mbali). Ya LED inayoingia palepale hutumia umeme mdogo zaidi, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana wengi huanzia hapo. Tatizo ni kwamba bakuli la kuakisi mwanga ndani ya taa lilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba unaowaka mahali pamoja tu. Vijitaa vya LED vikikaa pembeni kidogo, mwanga hutawanyika: karibu kunang'aa kama mchana, mbali kunabaki giza, na anayekuja mbele yako anapofushwa. Mulika ukutani kwa dimu. Ukiona mstari mkali unaokata mwanga kwa juu, balbu imekaa vizuri. Ukiona ukungu mweupe, irudishe. Pima pia nafasi ya nyuma, maana feni ya balbu inaweza kuzuia mfuniko wa mpira usifunge, maji yakaingia.

Taa mbili za ziada zina kazi zaidi: rilei (swichi ya umeme inayowasha taa kwa niaba ya swichi ndogo ya usukani), fyuzi karibu na betri, swichi, nyaya zisizobanwa unapokata usukani. Hata hivyo, kwa msafiri wa usiku mimi ningechagua hizi. Unazielekeza utakako, na balbu kuu ikiungua huachwi gizani. Za mwanga wa mbali ziungwe na fuli, zizimike mara unaposhusha taa. Ukipakia abiria na mizigo, nyuma hudidimia na mwanga wote hupanda juu. Urekebishe kabla ya kuondoka.