Vilabu vya michezo ya majini: vibaki Forodhani au vihamie Maruhubi?

Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kina cha maji kiko karibu, na mgeni akitoka bandarini anavikuta vilabu jirani tu. Lakini ukuta wa bahari wa pale ni wa vijana wa makachu, yaani mchezo wa kujirusha baharini. Jioni maji yakijaa wanajirusha mmoja baada ya mwingine, watu wamejipanga kuwatazama. Boti ya injini ikikatiza hapo ni hatari tupu. Na bustani ya Forodhani iliyofunguliwa upya 2009 ni ya kupumzikia watu wote, si ya kuanikia maboya.

Maruhubi, pwani iliyo kaskazini ya mji, pana nafasi ya mabanda. Ila wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakitoka, ngalawa hulala mchangani mpaka yajae tena. Hata hivyo naunga mkono vihamie, mradi mpango wa ardhi usiguse mikoko wala njia ya wavuvi kushukia pwani.