Michelin Pilot Sport 4S kwenye Porsche 911 Carrera S: uzoefu wangu baada ya kilomita 16,000 za Dar

Gari ni 911 Carrera S, kizazi cha 991 toleo la pili, injini ya lita 3.0 yenye turbo mbili, farasi 420. Rimu ni za inchi 20. Mbele linavaa 245/35 ZR20 (yaani upana milimita 245, ubavu asilimia 35 ya upana huo, rimu inchi 20) na nyuma 305/30 ZR20. Nimefunga matairi manne ya Pilot Sport 4S kwa mpigo, yote yakiwa na alama ya N0 ubavuni (idhini ya Porsche), na yametembea kilomita 16,000, nyingi mjini, nyingine barabara ya Bagamoyo na ya Morogoro. Ningeyanunua tena. Ila wadau, jina la tairi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni tarehe ya kutengenezwa, alama ya N na mikono ya fundi, na huko ndiko pesa nyingi hupotea.

Anza na saizi kwa sababu 911 haisamehe. Kipenyo cha tairi la mbele hapa ni milimita 679.5 na la nyuma ni 691. Kompyuta ya gari inaijua tofauti hiyo ya milimita 11.5, na breki za ABS pamoja na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze hupiga hesabu zake juu yake. Mtu akikuuzia 295/30 nyuma eti "inaingia tu", ni kweli itaingia, lakini kipenyo kinashuka hadi 685 na hesabu inaharibika. Kwa Carrera 4S ni hatari zaidi, maana ekseli ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa kwa klachi ya sahani nyingi. Mizunguko isipolingana, klachi hiyo inasuguana na kupata joto hata ukienda mbele moja kwa moja. Wenye 991 ya toleo la kwanza, msinakili saizi yangu: Carrera S ile ilitoka na 295/30 nyuma kwenye rimu nyembamba kidogo. Soma kibandiko cha kwenye mlango wa gari lako mwenyewe.

Baada ya saizi zinakuja namba za uzito na mwendo. Mbele isipungue 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja, na nyuma isipungue 103, yaani kilo 875. Herufi iwe Y. Y ikiwa nje ya mabano ni kilomita 300 kwa saa, ikiwa ndani ya mabano ni zaidi ya hapo. Kuna watakaosema Dar hakuna pa kukimbia 300, kwa hiyo W inatosha. Hapana. Herufi ile haizungumzii mwendo peke yake, inakueleza pia jinsi mwili wa tairi ulivyojengwa kuvumilia joto. Lami ya saa nane mchana mwezi wa pili ni joto tosha hata kwa mwendo wa 80.

Sasa alama ya N. Ni idhini ya Porsche: kampuni ya matairi inatengeneza toleo maalumu kwa ajili ya gari husika, linapimwa, likifaulu linapigwa N0. Toleo likiboreshwa baadaye linakuwa N1, kisha N2. Pilot Sport 4S lisilo na N ni tairi zuri sana, lakini si lile lile kwa ndani. 911 imebeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma, mzigo wake haufanani na wa BMW (yenye alama yake ya nyota) wala Mercedes-Benz (MO). Kanuni ninayoishika: usichanganye N0 na N1 kwenye ekseli moja hata siku moja, na ukiweza, manne yote yawe namba moja. Duka moja nililopita lilikuwa na mawili ya N0 na mawili yasiyo na alama kabisa, na muuzaji akasisitiza ni "kitu kilekile, kiwanda kimoja". Ukikutana na hali hiyo, ondoka.

Tarehe iko mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 1823 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2023. Tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usikubali kuambiwa zimefutika kabla hujageuza upande wa pili. Kwa saizi kama hizi ambazo hapa hazitoki kila siku, tairi linaweza kukaa stoo miaka mitatu likiwa bado na nywele zake za kiwandani. Mimi sichukui lililozidi miaka miwili, kwa sababu Porsche inashauri kuyatoa yakifika sita, na miaka ya stoo yenye joto nayo inahesabika.

Wengi wetu tunaagiza Dubai. Kabla ya kulipa, omba picha ya DOT ya kila tairi, si ya moja. Kisha uliza yatasafirishwaje, na hapa ndipo ninapoomba msome taratibu. Ili kubana nafasi kwenye kontena, wasafirishaji hupachika tairi ndani ya tairi: dogo linakunjwa na kusukumwa ndani ya kubwa, wakati mwingine matatu kwa pamoja. Tairi la gari la kawaida lenye ubavu mrefu huenda likarudi sawa. Tairi la 305/30 lina ubavu wa milimita 91.5 tu, na mdomo wake, yaani ukingo unaokaa kwenye rimu, una waya mgumu. Likikunjwa wiki nne kwenye joto, mdomo unabaki na kona. Ukilisimamisha sakafuni unaliona limekaa kama yai. Pitisha kidole ndani ya mdomo mzunguko mzima: palipobanwa utakuta mkunjo mdogo mgumu, na mpira umepauka. Likifungwa hivyo litapoteza upepo polepole au litatetemeka kwa namna ambayo balansi haiponyi. Andika kwenye oda kwamba hutaki yaliyopachikwa, na uyakague kabla ya kusaini mapokezi.

Kufunga kunataka mashine yenye mkono wa kusaidia kusukuma ubavu. Fundi wa mitaimbo, hata awe hodari vipi kwenye Corolla, asiguse rimu hii. Kitu cha kwanza kinachovunjika ni sensa ya upepo, ambayo imeshikwa kwa ndani kwenye nozeli (pale pa kujazia upepo). Fundi anapaswa kuanza kazi akijua nozeli iko wapi, ili chuma cha mashine kisipite juu ya sensa wakati mdomo unavuka. Kama sensa zina miaka saba au nane, badilisha zote sasa, maana betri ya ndani haibadilishwi na kazi ya kufungua tairi umeshailipia. Pilot Sport 4S lina upande wa nje na wa ndani, limeandikwa OUTSIDE. Mpira wa bega la nje ni mchanganyiko wa kushika lami kavu kwenye kona, wa ndani una silika nyingi kwa ajili ya maji. Likifungwa kinyume, umelipa pesa yote upate kazi ya nyuma mbele.

Vipande vya balansi viwe vya kubandika, na rimu ifutwe kwa spiriti kwanza. Kipande kikidondoka ndani kinasagwa na kaliba ya breki, nafasi pale ni ndogo. Gari hili linatumia bolti, halina nati, kwa hiyo rimu haina pa kuning'inia wakati wa kuirudisha. Tumia pini mbili za kuongoza, hasa kama una breki za kauri. Bolti ni tano kila gurudumu, zinakazwa Nm 160 kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa limeshuka chini. Bunduki ya upepo iishie kufungulia tu. Na soketi ya bolti ya kufuli uitoe mwenyewe na uirudishe mwenyewe.

Ukimaliza, ingia kwenye skrini ya gari, sehemu ya upepo wa matairi, uchague upya aina na saizi. Usipofanya hivyo mfumo unaendelea kufuata data za zamani na taa itakusumbua. Upepo wenyewe ufuate kibandiko, ila kumbuka namba zile zimewekwa kwa joto la digrii 20. Hapa asubuhi yenyewe ni 27 au 28, na kila digrii 10 ni takriban bar 0.1, sawa na psi 1.5. Pima alfajiri kabla gari halijatembea, kwa geji yako. Za vituo vya mafuta nimekuta zinapishana hadi psi 4.

Kilomita 200 za kwanza nenda taratibu, mpira mpya bado una ute wa kiwandani. Baada ya hapo, kwenye mvua ndipo tairi hili linapojieleza. Barabara ya Bagamoyo wakati wa masika maji hukusanyika kwenye njia za magurudumu. 911 ina pua nyepesi, kwa hiyo dalili ya kwanza ya kuelea ni usukani kuwa mwepesi mkononi ghafla. Kwa kashata mpya (michoro ya mpira inayokanyaga lami) dalili hiyo sikuipata kwa mwendo wa 80. Zikibaki milimita 3 inaanza kuonekana, na ndiyo maana kwangu 3 ni mwisho, ingawa vituta vya ndani ya mifereji vinangoja hadi 1.6. Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu wa Dar afunge Pilot Sport Cup 2. Ni tairi la kiwanja cha mashindano na la mchana mkavu. Pirelli P Zero yenye N ni chaguo halali kabisa, na ukiipata mbichi wakati Michelin iliyopo ni ya miaka mitatu, chukua Pirelli bila kusita.

Leo vipimo ni hivi: mbele milimita 5.6, nyuma bega la nje 4.4, nyuma bega la ndani 3.1. Tofauti hiyo ya nyuma si kasoro ya tairi. Magurudumu ya nyuma ya 911 yamelala kwa juu kuelekea ndani, na mwelekeo wa magurudumu hayo kwa mbele ukipotoka kidogo tu, bega la ndani linasagwa. Ukisimama nyuma ya gari utaona kashata nzuri, huku ndani waya unakaribia. Lala chini na tochi kila kilomita 3,000. Alaimenti ifanywe tangi likiwa limejaa, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Mashimo ndiyo adui asiye na dawa. Ubavu wa mbele una milimita 86, hauna pa kunywea. Ukiona nundu, hiyo ni nyuzi zilizokatika ndani, tairi limekwisha hata kama kashata ni mpya. Na tofauti ya kina kati ya matairi mawili ya ekseli moja Porsche haitaki izidi asilimia 30, kwa hiyo nundu moja huenda ikakununulisha mawili. Anayetafuta gari bado, Carrera ya kawaida yenye rimu za inchi 19 ina ubavu wa milimita 94 mbele na 103 nyuma. Kwa barabara za mitaa yetu milimita hizo zina maana kubwa.

Tairi la akiba halipo. Kuna gundi na kompresa chini ya boneti la mbele, mwisho kilomita 80 kwa saa, na fundi aambiwe kabla ya kufungua ili asafishe sensa.

Ya nyuma mawili natoa kabla ya masika. Oda imeshaandikwa: 305/30 ZR20, N0, DOT isiyozidi miezi 18, yote mawili ya wiki zinazokaribiana, yasipachikwe. Ya mbele yanaendelea.