Darubini ya milimita 70 juu ya paa la Lamu

Boksi linatangaza ukuzaji wa mara 525. Usiamini. Mwisho wake wa kweli ni mara mbili ya upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani 140. Ukizidisha hapo unakuza ukungu tu. Anza na lenzi ya jicho (ile ndogo unayochungulia) ya milimita 20: urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali toka lenzi ya mbele hadi mwanga unapokutana, milimita 700, gawa kwa 20, unapata ukuzaji wa mara 35. Miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii hiyo, imepangana kama shanga. Kwa ya milimita 10, pete za Zohali zinaonekana.

Stendi ndiyo mbovu. Kusi ikivuma, nyota inacheza ngoma. Fupisha miguu, ning'iniza chupa ya maji ya lita mbili katikati. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye lenzi, basi hifadhi darubini na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Wala usifute lenzi kwa pindo la kanga: chembe za chumvi zitaikwaruza.