Banda la Mikindani na mashindano ya shabaha ya yadi 1,000

Wengi wa Mtwara wanalijua lile banda la bati pale Mikindani kwa sababu ya mpira. Simba ikicheza na Yanga hupati hata pa kuweka mguu, watu wanachungulia madirishani. Mimi nataka kulisifia kwa jambo jingine ambalo sijasikia mtu akilisema. Alasiri zisizo na mpira wanaonesha mashindano ya kulenga shabaha ya masafa marefu, yale ya Marekani ambayo mtu anapiga akiwa ameketi na bunduki imelazwa juu ya meza. Mchezo wenyewe unaitwa benchiresti. Kiingilio ni shilingi 500, nusu ya kile cha mpira, na kwa 500 hiyo unapata kitu ambacho sijakiona popote kuanzia Lindi mpaka Msimbati.

Kwa asiyeujua, bunduki haishikiliwi hewani kama ya mwindaji. Kuna meza ya zege. Mbele mtutu unakaa juu ya kiegemeo chenye mfuko wa mchanga, nyuma kitako kinalala juu ya mfuko mwingine. Shabaha iko yadi 1,000, yaani mita 914. Kinachotafutwa hasa ni jinsi matundu yalivyokaribiana. Alama za kukaribia kitovu zinahesabiwa kivyake. Bunduki nyepesi, mwisho pauni 17 au kilo 7.7 hivi, hupigwa risasi tano. Nzito hupigwa kumi. Kisha wanatafuta matundu mawili yaliyoachana zaidi, wanapima kutoka katikati ya hili hadi katikati ya lile, na mwenye kipimo kidogo ndiye mshindi.

Ningejua haya wapi mimi muuza vitenge? Nimeyajua kwa Afande. Ni mzee mstaafu wa jeshi, jirani wa mwenye banda, na ndiye anayeshika maiki. Tumezoea mabanda yetu yale ya kutafsiri sinema, mtafsiri anapiga kelele kuliko spika. Afande anaongea taratibu, anaachia picha iseme, halafu anasimamisha mkanda palepale penye swali. Ameeleza vizuri kabisa kwa nini mchezo huu wa yadi 1,000 unahusishwa na Williamsport, kule Pennsylvania, kwenye klabu iliyoanzishwa mwaka 1967. Siku moja alileta boksi tupu la kadibodi, akachora matundu matano kwa kalamu ya wino mzito, akaweka kizibo cha soda juu yake. Kizibo kilikaribia kuyafunika yote. Akasema hilo ndilo kundi la matundu la mlengaji Tom Sarver wa Marekani, mwaka 2007: risasi tano, yadi 1,000, inchi 1.403. Rekodi hiyo baadaye ilivunjwa, lakini banda zima lilinyamaza. Watu walilipitisha lile boksi mkono kwa mkono hadi benchi la mwisho.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mchezo huu unatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani, kwa sababu ni mashindano ya kusoma upepo. Bunduki zote pale ni nzuri. Wote wamepima baruti zao kwa mizani ya vipimo vidogo mno, wote wametengeneza risasi zao wenyewe nyumbani. Risasi inachukua kama sekunde moja na nusu kufika, na katika muda huo upepo wa ubavuni wa maili moja tu kwa saa, ambao hata kanga kwenye kamba hautaitikisa sawasawa, unaweza kuisukuma inchi tano au zaidi. Ndiyo maana uwanja mzima una bendera, kuanzia mezani hadi karibu na shabaha. Anayetazama bunduki atasinzia. Anayetazama bendera hatabanduka kwenye kiti.

Nilimchukua mjomba wangu, ambaye amekuwa nahodha wa jahazi tangu ujana wake na sasa macho ya karibu yamepungua ila ya mbali bado. Mwanzo alikaa kwa heshima tu, kunifurahisha. Afande alipoonesha safu ya bendera, mjomba akasogea mbele. Kwenye mkanda kulikuwa na mlengaji mmoja wa makamo, kofia imefifia, kidole kiko tayari. Mjomba akasema kwa sauti, "Asipige. Ile ya katikati imeshageuka." Mimi nilikuwa natazama ya karibu, ambayo ilikuwa imetulia kabisa. Yule mlengaji akainua kichwa kutoka kwenye darubini, akaegemea nyuma, akasubiri. Mwenzake wa meza ya pili akapiga. Afande akarudisha mkanda nyuma mara mbili ili wote tuione ile bendera ya katikati, akamwambia mjomba, "Shikamoo nahodha, njoo ukae huku mbele." Tangu hapo Afande haanzi kueleza upepo kabla ya kumuuliza mjomba kwanza.

Mjomba anasema wale watu wanafanya kile ambacho baharia anafanya anapobisha, yaani anapokwenda kinyume na upepo: hupambani na upepo, unangoja ule unaoujua urudi. Nimekuja kuona kwamba kuna walengaji wa aina mbili. Kuna wanaongoja hali ileile irudi, risasi moja moja, hadi muda uliopangwa unakaribia kwisha. Wengine wakiona upepo umetulia wanamaliza risasi zote haraka haraka kabla haujabadilika, mkono hauondoki kwenye boliti, kile kikono cha kuingizia risasi. Vijana wa bodaboda wanawapenda hao wa haraka. Wavuvi wote, bila kupangana, wako upande wa wanaongoja.

Kuna na mazigazi. Ardhi ikipata moto, hewa inacheza, na mlengaji akitazama kwa darubini anaona shabaha inayumba kama iko ndani ya maji. Afande anasema aliyebobea anasoma upepo humohumo kwenye ule mchezo wa hewa. Hapa ndipo banda linatuangusha. Projekta yao ni ya mpira, inaangazia shuka jeupe lenye mikunjo, na bati lina matundu yanayoingiza jua. Mpira unauona. Mazigazi huyaoni, unaambiwa tu yapo. Shuka likinyooshwa na pazia zito likawekwa upande wa magharibi, nusu ya tatizo imekwisha.

Spika nazo wazipunguze. Zimewekwa kwa ajili ya kelele za goli, kwa hiyo kila mlio wa bunduki unatikisa bati na watoto wachanga wanalia. Wenzetu kule hawaruhusu mtu kukaa karibu na mstari bila kuziba masikio. Sisi tunaongezewa sauti. Joto la saa tisa ni kali, feni ni moja, njoo na upepeo wako. Kuhusu sisi wanawake, sina malalamiko: tumetengewa mabenchi ya upande wa mlango na hakuna anayetusumbua. Mama wa kahawa na kashata anazunguka, na korosho zake hazijaunguzwa.

Lalamiko langu kubwa ni hili. Katika mchezo huu utamu wote uko mwisho, pale shabaha zinapoletwa na kupimwa. Huko mezani mlengaji mwenyewe hana hakika na alichofanya. Karatasi ndiyo inayosema. Jumapili moja tulikaa tangu saa nane, tukafuatilia fainali ya bunduki nzito, mjomba ameshachagua mtu wake, yule wa kofia iliyofifia. Shabaha ya kwanza imewekwa juu ya meza, mpimaji ameinama na kipimo chake. Watu wa mpira wakaanza kugonga mlango, na mkanda ukazimwa. Tuliomba dakika kumi, tukakataliwa, na wiki iliyofuata mkanda ukawa mwingine. Mjomba hadi leo ananiuliza, "Mwanangu, yule bwana alipata ngapi?" Sina jibu la kumpa. Mpira una dakika zake zinazojulikana, kwa hiyo mwenye banda anaweza kuanzisha benchiresti saa saba badala ya saa nane na kila mtu akapata haki yake.

Kutoka Mtwara mjini panda daladala ya Mikindani, shuka kabla ya kufika stendi, uliza banda la Afande ingawa si lake. Fika mapema ukae katikati, maana pembeni bendera za mwisho zinakatwa na ukingo wa shuka. Mpeleke mzee yeyote wa nyumbani aliyewahi kushika usukani wa jahazi au ngalawa. Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku shabaha zote zitakapopimwa mbele yetu hadi ya mwisho.