Skrini za Viti vya Nyuma kwa Gari la Familia: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Anayeondoka Dar es Salaam alfajiri ya Desemba kwenda Moshi, akiwa na watoto watatu nyuma, ana kilomita 560 hivi mbele yake, na kuanzia Chalinze hadi Himo atakutana na matuta na vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa karibu kila penye kijiji, kiasi kwamba safari humchukua saa tisa, kumi au zaidi. Safari kama hiyo, au ile ya Nairobi kwenda Mombasa kwa majirani zetu, ndiyo inayowafanya wazazi wengi waanze kuulizia bei za skrini za nyuma wiki chache kabla ya Krismasi. Mwongozo huu unazipanga aina tano zinazopatikana madukani kwetu, kuanzia ile ninayoiona inaifaa zaidi familia ya kawaida hadi ile nisiyomshauri mtu ainunue. Kipimo changu cha kwanza si ukubwa wa kioo wala ung'avu wake, bali ni namna kifaa kilivyoshikiliwa na namna kinavyopata umeme, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoweza kumdhuru mtoto, na ndiyo ambayo wauzaji huyataja kwa uchache kuliko yote.

Nafasi ya kwanza naipa kishikwambi cha kawaida kilichofungwa nyuma ya kiti cha mbele kwa kishikio imara. Kifaa hiki, ambacho Watanzania wengi walilizoea jina lake wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, kinarudi kutumika nyumbani baada ya safari, hakihitaji kukatwa waya hata mmoja wa gari, na kikiharibika unabadilisha kifaa bila kuigusa gari yenyewe. Cha inchi 10 kinatosha kabisa, kwa kuwa mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hayuko mbali na kiti cha mbele, na kioo kikubwa zaidi humfanya azungushe shingo badala ya macho. Chagua kinachopokea kadi ya kumbukumbu ikiwezekana, kisha ijaze nyumbani kwenye Wi-Fi, kwa sababu kuna vipande vya barabara ambako mtandao hukatika au hulegea, na hata unapokuwepo, filamu moja ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa kila saa ya kutazama, na ya ubora wa juu yaweza kufika GB 3.

Kishikio ndicho chenye uzito katika ununuzi huu, ingawa bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kishikwambi. Nunua kile kinachobana nguzo zote mbili za chuma za kiegemeo cha kichwa na kinachokishika kifaa kwenye pembe zake nne, na uviache vile vya mpira wa kuvutika peke yake, pamoja na vile vinavyonyonya kioo cha dirisha, ambavyo huachia jua linapokuwa kali. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linasogea karibu mita 14 kila sekunde, na likisimama ghafla, kitu chochote kisichofungwa kinaendelea na mwendo huohuo mpaka kitakapogonga kiti, kioo, au uso wa mtu. Jaribu dukani: funga kishikio kwenye kiti cha gari lako, weka kifaa, kisha kitikise kwa nguvu kwa mkono mmoja. Kikicheza, kiache.

Kuna sababu nyingine ya kukifunga badala ya kumpakatisha mtoto. Mwanangu wa pili alitapika mara mbili kabla hatujafika Segera, akitazama katuni huku kishikwambi kikiwa mapajani na kichwa chake kimeinama muda wote. Tuliporudi tulikifunga usawa wa macho yake, tukawa tunakizima kila baada ya nusu saa ili atazame nje, na hakutapika tena mpaka Dar es Salaam. Sikio la ndani linahisi gari likipinda na kuruka, ilhali macho yaliyozama kwenye kioo kilicho chini yanaambia ubongo kwamba mwili umetulia, na mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Skrini ikiwa juu, mtoto anaiona barabara pembeni mwake, na mgongano unapungua.

Angalizo moja tu kwa chaguo hili ni joto. Gari lililoegeshwa juani, kwa mfano mnapokula Korogwe, hupata joto kali ndani ya muda mfupi, na betri za lithiamu hazilipendi. Apple, kwa mfano, inaagiza iPad isihifadhiwe mahali penye zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi. Shukeni nacho.

Nafasi ya pili ni skrini pacha zinazofungwa kwenye nguzo za viegemeo na kubaki humo daima. Nyingi zinazouzwa sasa zina mfumo wa Android ndani yake, tundu la flashi, tundu la HDMI (la waya wa picha na sauti) na Bluetooth, na huwa na ukubwa wa inchi 10 hadi 13. Zinafaa sana kwa familia inayosafiri mara kwa mara, au kwa anayebeba abiria, kwa kuwa hazihitaji kufungwa na kufunguliwa kila safari. Ila zina hila moja ambayo lazima mnunuzi aijue: boksi likiandikwa 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080, mara nyingi maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kusoma filamu ya ubora huo, wala si kwamba kioo chenyewe kina nukta hizo. Kioo cha nyingi za bei ya chini ni cha nukta 1024 kwa 600. Ufungue ukurasa wa mipangilio, au muombe muuzaji akuonyeshe maandishi madogo. Kama maandishi yanaonekana yamevunjikavunjika kingoni, umepata jibu. Pima pia umbali kati ya nguzo mbili za kiegemeo chako kabla ya kwenda dukani, kwa sababu kibano kina mwisho wake, na viti ambavyo kiegemeo chake kimeungana na kiti moja kwa moja, bila nguzo, havifungiki kabisa. Na flashi yako ikiwa imepangiliwa kwa mfumo wa FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo filamu ndefu ya ubora wa juu itakataa kuingia. Ipangilie kwa exFAT endapo skrini inaukubali.

Kabla ya kwenda nafasi ya tatu ni lazima nikae kwenye suala la waya, kwa maana skrini za aina ya pili na zinazofuata ndizo zinazompeleka mtu kwa fundi umeme wa magari. Gari langu la kwanza la familia lilifungwa skrini mbili na fundi aliyechukua umeme kutoka tundu la kiberiti, akasokota waya kwa waya na kuzungushia selotepu ya karatasi, bila fyuzi. Tulikuwa tumeshapita Korogwe pale mama watoto aliposema ananusa plastiki inayoungua. Nilisimamisha gari, nikafungua kifuniko chini ya dashibodi, nikakuta ganda la waya limelainika na kujikunja kama utepe, na shaba imeanza kuonekana mahali ilipokuwa ikisugua bati. Hapakutokea moto, ila tulisafiri masaa yaliyobaki bila skrini na kwa hofu, na tangu siku hiyo siruhusu mtu afunge kitu garini mwangu nikiwa sipo.

Hesabu yake si ngumu. Skrini mbili zinazotumia wati 12 kila moja zinahitaji wati 24, na kwenye umeme wa volti 12 hizo ni ampea 2. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, na iwekwe karibu kabisa na mahali umeme unapochukuliwa, ili waya wote unaofuata uwe umelindwa; ikiwekwa nyuma karibu na skrini, sehemu ndefu ya waya inabaki wazi kwa hatari. Mahali bora pa kuchukulia umeme ni boksi la fyuzi, kwa kipachiko cha fyuzi ya ziada, kwenye nafasi inayowaka ufunguo unapofika ACC (hatua ya kuwasha redio kabla ya injini) na kuzimika ufunguo unapotolewa. Fundi akichukua umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, skrini iliyozimwa kwa rimoti bado inaweza kunywa kidogokidogo: ikinywa ampea 0.1 tu, kwa siku kumi imekwisha kunywa ampea-saa 24, ambazo ni zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45. Waya upitishwe chini ya zulia, pembeni mwa mlango, mbali na reli za kiti, kwa sababu kiti kinaposogezwa huukata kama mkasi. Wenye magari makubwa ya dizeli, zikiwamo baadhi ya Toyota Coaster, wahakikishe kwanza kama gari ni la volti 24, maana skrini ya volti 12 pekee yaweza kuungua.

Nafasi ya tatu ni skrini ya dari inayokunjuka kuelekea chini, na hapa hukumu yangu ina pande mbili. Ikiwa gari lako limeshuka nayo kutoka Japani, kama zilivyo Toyota Noah, Voxy, Alphard na Nissan Serena nyingi, basi ni zawadi, kwa sababu imefungwa kiwandani kwenye fremu ya paa na inaonekana na safu zote mbili za nyuma. Ijaribu ukiwa bado yadi: iwashe, ikunjue na kuikunja mara kadhaa, na uulize rimoti. Usitegemee televisheni yake, kwa sababu Japani inarusha matangazo kwa mfumo wa ISDB-T na sisi tunatumia DVB-T2, na zile za zamani zilizotengenezwa kwa matangazo ya analojia hazina kazi tena hata huko kwao, ambako analojia ilizimwa sehemu kubwa ya nchi mwaka 2011. Diski nazo zina mipaka: DVD ya Japani ni ya ukanda wa 2 na yetu ni ya ukanda wa 5, kwa hiyo diski halisi iliyonunuliwa hapa yaweza kukataliwa. Njia inayofanya kazi ni kuingiza picha kwa waya, kupitia tundu la HDMI au matundu ya rangi ya njano, nyekundu na nyeupe, kutoka kwenye simu au kifaa kidogo cha kuchezea flashi.

Kosa linalofanyika sana ni kubadilisha redio ya mbele kuwa ya Android bila kuuliza habari za skrini ya dari. Redio ya kiwandani mara nyingi huipelekea picha kwa plagi ya kampuni yenyewe, na redio mpya haina plagi hiyo, kwa hiyo dari inabaki giza na mwenye gari anaambiwa skrini imekufa. Haijafa; inahitaji kiunganishi. Muulize fundi swali hilo kabla hajaichomoa redio ya zamani.

Lakini kufunga skrini mpya ya dari kwenye gari ambalo halikuwa nayo sikupendekezi, isipokuwa kwa fundi unayeijua kazi yake. Kitambaa cha dari kinakatwa, uzito unaning'inia juu ya vichwa vya watoto, na skrubu zikishikilia ubao mwembamba badala ya chuma cha paa, matuta ya safari moja tu yatazilegeza. Kwenye magari mengi mapya, pembeni mwa dari ndimo ilimokunjwa mifuko ya hewa inayofumuka ajali inapotokea, na waya uliopitishwa juu yake unaweza kuuzuia mfuko kufunguka. Vilevile skrini iliyokunjuka humziba dereva asione nyuma kwa kioo cha ndani.

Nafasi ya nne ni viegemeo vya kichwa vyenye skrini ndani, vinavyowekwa badala ya vile vya kiwandani. Vinapendeza kuliko vyote, na ndiyo maana huuzwa kwa bei ya juu, lakini kiegemeo ni kifaa cha usalama kinachoizuia shingo isikatike nyuma gari linapogongwa, na vingi vinavyouzwa mitaani havina uthibitisho wowote wa kupimwa kwa ajali. Sitambadilishia dereva shingo yake kwa uzuri wa skrini.

Ya mwisho ni mashine ndogo za DVD zenye kioo chake. Diski huruka kwenye matuta, zinakwaruzika mikononi mwa watoto, na betri huchoka mapema. Usinunue mpya.

Hedifoni zinunuliwe pamoja na skrini, kwa sababu sauti ya katuni saa kumi mfululizo humchosha dereva. Zilizowekewa kikomo cha desibeli 85 ndizo za watoto. Kwa aliye chini ya miaka miwili usinunue chochote, na kwa wenye miaka miwili hadi minne kumbuka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, usiozidisha saa moja ya skrini kwa siku.

Fundi akimaliza, usilipe yote papo hapo. Washa skrini zote, ziache zicheze nusu saa huku mkipita barabara yenye matuta, kisha mrudi mguse waya kila mahali anapoweza kukuonyesha, hasa kwenye maungio na karibu na fyuzi. Ukiwa wa uvuguvugu usiozidi wa mkono, sawa. Ukiwa wa moto, afungue aanze upya. Kaa kiti cha dereva usiku na uangalie kama mwanga wa skrini unaakisi kwenye kioo cha mbele, na kama redio ya mbele inaonyesha video gari likiwa linakwenda, mwambie aurudishe ulivyokuwa waya wa breki ya mkono, ambao kazi yake ni kuzuia video gari linapotembea. Mwisho, chomoa fyuzi ya skrini mwenyewe uone kama zote zinazimika, na uandike ilipo kwenye karatasi utakayoiacha ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi.